Cha Bure na Kilicho Huru

Ndugu msomaji, lugha yetu ya Kiswahili ina utajiri ambao mara nyingi hatuutambui mpaka tuilinganishe na lugha za wenzetu. Waingereza wana neno moja wanalolitumia kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa. Sisi tunayo mawili: bure na huru. Kitu cha bure ni kile ambacho hukukilipia. Kilicho huru ni kile ambacho hakuna mtu mmoja aliyekifungia mlango na kuuweka ufunguo mfukoni mwake. Tena neno letu bure lina upande wa pili ulio mchungu, kwani mtu akifanya kazi isiyo na faida husemwa kuwa amejisumbua bure.

Leo ningependa tuyapime maneno hayo kwa jambo ambalo huenda likakushangaza kulikuta katika kurasa hizi za jamaa na nyumba. Ni habari ya kompyuta kuukuu, na ya programu ndogo ambayo bila hiyo kompyuta ile ilikuwa bubu. Nimeona inafaa kuiandika hapa kwa sababu ilikaribia kumtoa ng'ombe zizini na binti katika darasa la Fizikia.

Kaka yangu ni mkulima katika wilaya ya Chamwino. Hulima uwele, mtama na alizeti, kwa jembe la kukokotwa na maksai wawili. Binti yake alikuwa akikaa kwangu hapa mjini Dodoma, akisoma shule ya sekondari ya kutwa. Mwaka 2022 alikuwa Kidato cha Pili. Msomaji mwenye watoto wa umri huo anajua uzito wa mwaka huo. Mwishoni mwa mwaka mwanafunzi hufanya upimaji wa kitaifa, na wakati ule, alipoingia Kidato cha Tatu, ilimpasa achague ama kuendelea na Fizikia na Kemia ama kuziacha. Binti yetu aliipenda Fizikia, lakini somo la umeme lilimtisha. Vifaa vya maabara vilikuwa vichache na wanafunzi wengi, na mara nyingi zamu yake haikufika.

Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, akamwonea huruma. Akampa CD yenye masomo 12 ya Fizikia. Hayakuwa maandishi matupu. Yalikuwa michoro inayotembea: mwanafunzi anabonyeza swichi katika kioo cha kompyuta na balbu inawaka, anaongeza betri na mwanga unazidi, anakata waya na giza linaingia. Kwa mtoto asiyepata zamu maabara, hiyo ilikuwa neema.

Kompyuta tulikuwa nayo. Kaka aliinunua mkononi kwa mtu, kwa fedha za alizeti. Mfumo endeshi iliyokuja nao ulikuwa umeliwa na virusi, na kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuwa ameuondoa na kuweka mwingine unaoitwa Ubuntu. Tangu siku hiyo kompyuta ile nzee ilifanya kazi vizuri. Barua ziliandikwa, hesabu za kikundi cha akina mama zikapangwa, magazeti yakasomwa. Lakini binti alipoifungua CD ya masomo, kivinjari kilionyesha sanduku jeupe tupu. Hakuna swichi, hakuna balbu.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaitazama kwa muda mfupi, akatikisa kichwa. "Dada, huu mfumo wa bure ndio unaowasumbua," akasema. "Cha bure hakina mwenyewe. Tafuteni kompyuta mpya, yenye mfumo wa kununua, mambo yatakwisha." Bei aliyoitaja haikuwa ya mchezo.

Binti alimpigia baba yake simu usiku huohuo. Asubuhi kaka akanipigia mimi. "Mdogo wangu," akaniambia, "nimefikiri. Maksai mmoja nitampeleka mnadani Msalato. Mtoto asome."

Msomaji wa Pwani au wa Kagera, ambako mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, huenda asiione hatari iliyokuwamo katika maneno hayo. Katika uwanda huu wa kati tuna msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kumalizika Aprili. Mwenye kuchelewa kulima amechelewa kwa mwaka mzima. Na nira ni ya ng'ombe wawili. Ukimwuza mmoja, aliyebaki si nusu ya jembe. Ni mdomo wa kulishwa tu. Kaka alikuwa tayari kuuweka rehani msimu wake kwa ajili ya sanduku jeupe katika kioo. Nikamwomba anipe juma moja.

Mwandishi wa habari hufundishwa kuuliza kabla ya kuamini. Nikamwendea yule kijana wa chuo, tukaketi, akanieleza jambo lenyewe toka mwanzo. Nami nakueleza wewe msomaji kama nilivyoelezwa, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye.

Kazi ya kivinjari ni kusoma kurasa na kuzionyesha. Maandishi na picha za kawaida kinazifahamu chenyewe. Lakini katika miaka ya mwisho ya 1990, michoro inayotembea, sauti na michezo vilipoanza kuingia katika intaneti, vivinjari havikuvifahamu. Vikahitaji msaidizi wa kuchomekwa ndani, ambaye kwa Kiswahili huitwa programu-jalizi. Mfano wake ni hakimu aliyeletewa shahidi asemaye lugha asiyoijua: humwita mkalimani. Mkalimani aliyetawala kuliko wote aliitwa Flash. Ilikuwa mali ya kampuni ya Marekani iliyoitwa Macromedia, ambayo mwaka 2005 ilinunuliwa na Adobe. YouTube ilipoanza mwaka huohuo wa 2005, video zake zilionyeshwa kwa Flash. Michezo ya watoto, masomo ya shule na hata fomu za serikali katika nchi mbalimbali zilitungwa kwa lugha hiyo.

Mkalimani huyo alitolewa bure. Mtu yeyote aliweza kumchukua na kumweka katika kompyuta yake bila kulipa senti. Lakini hakuwa huru. Msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoifanya programu iwe programu, ulikuwa siri ya mwenye mali. Hakuna aliyeruhusiwa kuufungua, kuurekebisha wala kuuendeleza.

Sasa linganisha na ule mfumo alioubeza fundi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutunga mfumo wa kompyuta ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma, kuubadili na kumpa jirani yake. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo kinachoitwa Linux. Kazi hizo mbili zikaungana. Mwezi Oktoba 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyesafiri anga za juu mwaka 2002, pamoja na wenzake wakatoa mkusanyiko wao wa programu hizo na kuuita Ubuntu. Neno hilo la Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Hadi mwaka 2011 kampuni yake, Canonical, ilikuwa ikituma CD za mfumo huo kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, bila malipo. Basi mfumo huo ni wa bure, ni kweli. Lakini si kweli kwamba hauna mwenyewe. Wenyewe ni wengi, na ufunguo uko mezani.

Mkalimani wa siri na mfumo wa wazi hawakupatana vizuri hata siku moja. Waliotumia Linux walimngoja mwenye Flash awatengenezee toleo lao, naye alitoa alipotaka. Februari 2012 ilitangazwa kwamba toleo la 11.2 lingekuwa la mwisho kwa vivinjari vya kawaida vya Linux, na kwamba mapya yangepatikana ndani ya Chrome tu. Mwaka 2016 uamuzi huo ukageuzwa. Watumiaji hawakuulizwa mara ya kwanza, wala hawakuulizwa mara ya pili. Mapema, mwaka 2005, wapenzi wa programu huria walianzisha Gnash, mkalimani wao wenyewe, lakini hakuwahi kuimudu lugha yote ya Flash.

Kisha likaja kubwa. Flash ilikuwa na matundu mengi ya usalama, na vivinjari vilikuwa vimejifunza kucheza sauti na video vyenyewe bila mkalimani. YouTube iliiweka Flash pembeni Januari 2015. Mwezi Julai 2017 Adobe ilitangaza kwamba itaacha kuitunza Flash mwishoni mwa mwaka 2020, na ahadi hiyo ikatimizwa. Tarehe 31 Desemba 2020 matunzo yalikoma, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikakataa kucheza chochote. Haki ilitendeka kwa maana ya kwamba watu walipewa zaidi ya miaka mitatu ya kujiandaa. Hata hivyo Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini ilifikiwa na siku hiyo baadhi ya fomu zake za kodi zikiwa bado ni za Flash, ikabidi Januari 2021 itoe kivinjari chake maalumu ili walipa kodi waweze kuzijaza. Kivinjari hicho kilikuwa cha kompyuta za Windows peke yake.

Hapo ndipo nilipoiona hatari tuliyoikwepa kwa juma moja. Tatizo halikuwa kompyuta yetu kuukuu, wala mfumo wetu wa bure. Masomo ya ile CD yalitungwa kwa Flash. Kaka angemwuza maksai, tungenunua kompyuta mpya inayong'aa, tungeiweka CD, nayo ingetuonyesha sanduku jeupe lilelile. Mkalimani alikuwa amefungiwa, kwa maskini na kwa tajiri. Fundi hakutudanganya kwa kusudi; alitazama bei akadhani ameona ubora.

Je, masomo yale yalikuwa yamekufa? La hasha. Wako watu wa kujitolea, wametawanyika katika nchi nyingi, walioisoma lugha ya Flash kwa subira na kutunga mkalimani mpya anayeitwa Ruffle. Huyu hana haja ya Flash ya zamani hata kidogo. Msimbo wake uko wazi, na hukaa ndani ya kivinjari kama kiongezo. Novemba 2020 maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ya Marekani ilianza kumtumia ili michezo na katuni za Flash zisipotee.

Tulifanya kazi hiyo jioni moja, baada ya kula. Kwanza tulitazama faili za CD. Zote zilikuwa na herufi za mwisho swf, ambazo ndizo alama ya Flash. Pili, tulifungua sehemu ya viongezo katika kivinjari cha Firefox, tukaitafuta Ruffle na kuiweka; bando la kawaida la siku lilitosha. Tatu, tukabonyeza alama yake, tukafungua ukurasa wake wa kuchezea na kuchagua faili ya somo la kwanza. Kukawa kimya kidogo, kisha mchoro ukajitokeza. Binti alikipeleka kipanya kwenye swichi, akabonyeza. "Shangazi, imewaka!" Basi. Hakuna aliyeuza kitu.

Nisikutie chumvi, msomaji. Masomo 9 kati ya 12 yalifunguka. Matatu yaligoma, kwa kuwa yaliandikwa kwa namna ya baadaye ya lugha ile, ambayo wakati huo mkalimani mpya alikuwa bado hajaimudu sawasawa. Mojawapo ya hayo matatu lilikuwa somo la balbu zilizounganishwa sambamba, ambalo binti alilihitaji mno. Alinung'unika siku moja. Siku ya pili nilimkuta mezani na betri za tochi, vipande vya waya na balbu ndogo tatu alizoziomba kwa fundi redio, akijaribu mwenyewe kile ambacho kompyuta ilikataa kumwonyesha. Alipoiondoa balbu moja na nyingine mbili zikaendelea kuwaka, hakupiga kelele kama mara ya kwanza. Alichukua daftari akaandika.

Nilimpigia kaka simu. Nikamweleza kwamba masomo yamefunguka, na maksai abaki. Akanyamaza. "Kwa shilingi ngapi?" akauliza. Nikamwambia ni bure. Akanyamaza tena, na kwa sauti nikajua ya kuwa neno hilo halikumpendeza. Mkulima aliyekwisha kupewa mbegu za bure zisizoota ana haki ya kulishuku. Ndipo nikamweleza ile tofauti. Nikamwambia, "Kaka, fikiri majembe mawili. La kwanza umepewa, lakini limefungwa kwa kufuli, likivunjika huruhusiwi kulipeleka kwa mhunzi, na aliyekupa akitaka atalizuia lisilime. La pili umepewa pamoja na ruhusa ya kulichonga, kulibadili mpini na kumwazima jirani. Yote mawili ni ya bure." Akacheka. "Hilo la kwanza si jembe langu," akasema. Mvua zilipofika alilima kwa maksai wawili. Na Januari 2023 binti yake aliandika Fizikia katika orodha ya masomo yake ya Kidato cha Tatu.

Ndugu msomaji, ninayo machache ya kukushauri endapo nyumbani kwako iko kompyuta ya namna hii. Usishawishike kupakua "Flash" kutoka kwa yeyote anayeitangaza leo. Mwenye mali ameacha kuitunza, na wengi wanaoitembeza wamefunga virusi ndani ya jina hilo. Kama video ya kawaida haichezi katika Ubuntu, aghalabu kinachokosekana ni visimbuzi vya sauti na picha, ambavyo mkusanyiko wake huitwa ubuntu-restricted-extras. Havikuwekwa tangu mwanzo kwa sababu katika baadhi ya nchi vinabanwa na sheria za hataza, si kwa sababu mfumo ni mbovu. Na kabla hujauza kitu cha thamani ili ununue kompyuta mpya, uliza kwanza kama hiyo mpya itakifungua kile unachotaka kukifungua. Ipeleke faili yenyewe dukani, ijaribiwe mbele ya macho yako.

Lakini liko la maana kuliko hayo. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 tumekuwa na neno kujitegemea midomoni mwetu, na tumezoea kulifikiria shambani na kiwandani. Nadhani wakati umefika wa kulifikiria pia mbele ya kioo cha kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hawakulazimika kwenda kumbembeleza mtu awape kibali, maana msimbo ulikuwa wazi na kibali kilikuwa ndani yake. Hapa Dodoma, tangu Chuo Kikuu kianzishwe mwaka 2007, wako vijana wanaojifunza kuisoma misimbo ya namna hiyo. Mmoja wao aliokoa maksai wa mkulima asiyemjua. Wazazi tuwatambue vijana hao kuwa mafundi, tuwalipe jasho lao, na tuwaulize maswali.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri maungo. Hawakumaanisha kwamba nguo hiyo ni mbaya. Yaweza kuwa hariri. Walimaanisha kwamba mwenyewe anaweza kuidai saa yoyote, hata katikati ya ngoma. Walimu waliotunga masomo kwa Flash walivaa nguo nzuri ya kuazima, na tarehe 12 Januari 2021 ikadaiwa. Kwa hiyo mwanao au mwalimu wa mwanao atakapoletewa programu ya kufundishia na kuambiwa haina malipo, afurahi, lakini asiishie hapo. Baada ya kuuliza bei, aulize pia ni nani anayeushika ufunguo.